Koga Kwenye Maua ya Ukuta

Saa tatu na dakika kumi na nane asubuhi, siku ya Jumatano, kipande cha lipu chenye ukubwa wa kiganja kilibanduka kwenye ukuta wa nyumba moja ya zamani huku Chumbageni, kikaangukia mkekani. Dakika hizo sizikisii. Mwenye nyumba alinipigia simu kabla vumbi halijatulia, na simu huhifadhi saa ya kila anayepiga.

"Mwanangu," alisema, "waridi limeanguka."

Mimi ni fundi wa kamera. Kazi hiyo imepungua sana tangu kila mtu awe na simu ya kupigia picha, lakini bado naletewa darubini za watembeza wageni, hadubini za shule na kamera za wapiga picha za harusi. Katika mji wetu adui wa lenzi ni kuvu kuliko mchanga. Hewa ya pwani ina maji, na kamera ikifungiwa kabatini miezi miwili kuvu hutambaa ndani ya lenzi kama utando wa buibui. Ikiachwa, huila glasi, ikabaki alama isiyofutika kwa kitambaa wala dawa. Shule niliishia kidato cha pili. Habari za kuvu nilijisomea ukubwani, kitabu kimoja baada ya kingine, kwa sababu nilichoka kufuta kitu nisichokijua. Bi Mkubwa aliyenipigia alilijua hilo. Niliwahi kumsafishia kamera ya marehemu mumewe, na wakati ule nilimweleza zaidi ya alivyouliza.

Nilimkuta amesimama mbele ya ukuta, kile kipande amekipakata ndani ya khanga yake.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Tazama, baba. Tazama mwenyewe."

Ukuta huo ulichorwa na babu yake, mchoraji wa mabango ya maduka, kabla ya uhuru. Aliuchora kuanzia usawa wa goti hadi karibu na boriti: kilua, asumini, rehani na waridi kubwa kubwa, juu ya chokaa nyeupe. Nyekundu aliipata kwenye udongo, buluu kwenye bluu ya kufulia nguo, na vyote alivichanganya na gundi ya mti. Sijaona mwingine kama huo mjini. Majumba mengi ya umri wake yamevunjwa, na yaliyosalia yamepakwa rangi ya mafuta.

Sasa katikati ya ukuta palikuwa na madoa meusi. Mengine yalikuwa madogo kama mbegu za ufuta, mengine yameungana yakawa mawingu. Yalifunika maua, na pale yalipozidi, chokaa ilikuwa imevimba na kulegea. Chumba kilinuka gunia lililonyeshewa.

Mwanawe anakaa Dar es Salaam. Siku ile ile alizungumza nasi kwa simu, spika imefunguliwa, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Fundi, mimi sina ugomvi na maua ya babu. Lakini mwanangu ana pumu. Kila tukija likizo analala amekumbatia kifaa chake cha kuvutia dawa. Hiyo koga naitaka itoke. Ukuta ubanduliwe wote, upigwe saruji, upakwe rangi ya mafuta. Mwashi anaanza Jumatatu ya nne kuanzia leo, ili tukija kufunga mwaka kila kitu kiwe kikavu."

Sikuweza kumlaumu. Mtu mwenye mtoto wa pumu hana sababu ya kuipenda koga, hata ikiwa imekaa juu ya waridi la babu yake.

Simu ilipokatwa, Bi Mkubwa alikiweka kile kipande mezani taratibu. "Nataka jambo moja kwako," alisema. "Kama ukuta umekufa, niambie umekufa, nimwache mwanangu auzike. Kama unaumwa, niambie ugonjwa wake. Sitaki kuambiwa 'labda'."

Nilimwambia nitajaribu kabla ya Jumatatu hiyo. Nilimwambia pia kwamba saruji haitaponya kitu. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yaliyomo ndani hutafuta njia nyingine, na baada ya mvua mbili tatu koga hutokea chumba cha pili. Lakini neno hilo peke yake lisingemtosha baba wa mtoto mgonjwa, wala halikunitosha mimi. Ilikuwa lazima kwanza tujue kuvu ilikuwa inakula nini.

Watu husema koga huletwa na unyevu, wakaishia hapo. Si kweli yote. Unyevu ni maji yake ya kunywa. Chakula hukitafuta kwingine. Kwenye chokaa tupu hakuna cha kula. Kwa hiyo nilikuwa na maswali mawili: maji yanatoka wapi, na chakula kinatoka wapi.

Nilianza na maji. Nilibandika vipande vya karatasi ya fedha, ile ya kufungia nyama choma, chini ya ukuta, katikati na juu, nikaziba kingo zote kwa gundi ya karatasi. Kama maji yanapanda kutoka ardhini, karatasi ya chini ingelowa kwa ndani. Baada ya siku tatu nilizibandua. Ya chini ilikuwa kavu, na ya juu vilevile, maana yake paa halivuji. Ya katikati, kwenye madoa, ilikuwa na ukungu mwembamba kwa ndani. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nitakuta maji ya ardhini, na nilikuwa nimekwisha andaa maneno ya kumweleza Bi Mkubwa kuhusu mifereji ya nje.

Kisha nilichukua sampuli. Nilibonyeza selotepu safi juu ya doa, nikaibandika kwenye kigae cha hadubini na tone la siki lenye wino wa buluu wa kalamu. Wino hupaka kuvu rangi na kuacha vingine. Niliona nyuzi zimesukana, na juu ya mashina marefu vichwa vya duara vyeusi, kila kimoja kimezungukwa na mbegu kama kichwa cha pini kilichochovywa kwenye masizi. Kuvu hiyo naifahamu. Huota kwenye vitunguu vya sokoni na kwenye mkate wa juzi. Ni kuvu ya jikoni. Ilikuwa inatafuta nini ukutani?

Niliwapelekea sampuli nyingine wataalamu wa maabara moja ya kilimo nje ya mji, ambako mimi ndiye ninayetengeneza hadubini zao. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, aliziotesha kwenye visahani na siku ya sita akanijibu: ndiyo, ni hiyo hiyo, na hula vitu vitamu na mabaki ya mimea. Akaongeza swali: "Ukuta huo mnaupaka nini?"

Nilimuuliza Bi Mkubwa swali hilo hilo.

"Haupakwi kitu," alisema. "Ukuta huu hauguswi. Hata buibui twamtoa kwa ufagio mrefu. Tangu kwa bibi yangu, marufuku kuweka mkono."

Niliwauliza na majirani wanawake wanaoingia chumba hicho. Jibu lilikuwa moja: hauguswi.

Nilidhani basi ni gundi ya mti iliyomo ndani ya rangi. Gundi ni tamu kwa kuvu. Lakini nilipopanda ngazi na kuchunguza maua ya juu karibu na boriti, yenye gundi ile ile na mkono ule ule wa babu, hayakuwa na doa hata moja. Nilitandaza nailoni angavu juu ya ukuta, bila kubonyeza, nikachora mipaka ya madoa kwa kalamu ya rangi. Nilipoishusha nailoni na kuitandika sakafuni, umbo lilionekana wazi. Madoa yaliishia juu pale mkono wa mtu mzima unapofika akirusha kitu. Yalikuwa mengi katikati, machache pembeni, na chini ya kila wingu palikuwa na michirizi midogo ya kuteremka. Na majani ya rehani yalikuwa karibu safi kabisa. Kuvu ilichagua waridi na asumini.

Kuvu haijui ua wala jani. Aliyechagua ni mtu.

Nilikuwa nimekaa sakafuni na nailoni yangu aliposhuka mwashi kwenye pikipiki, amekuja kupima ukuta. Ni Mbondei wa Muheza, mcheshi, na kazi yake ni safi. Nimeona nyumba alizozijenga.

"Hee! Fundi wa kamera! Umekuja kuupiga ukuta picha ya pasipoti?"

"Naupima homa."

"Basi mpe panadoli leo, Jumatatu yangu ikifika mie namvika sanda ya saruji."

Bi Mkubwa alimjibu kutoka jikoni. "Nyie Wabondei, mkiona kitu kizuri mwataka kukizika tu."

"Twazika vizuri lakini, Mama! Na pilau ya matanga twala."

"Utakula ukoko."

Alicheka, akapima, akaondoka. Zilibaki siku kumi na tatu.

Niliamua kuutega ukuta. Jumatano nilikata karatasi nyeupe za kuchujia kahawa, nikazibandika kwa vipande vya selotepu kwenye nafasi wazi kati ya maua, katika kimo tofauti, nikamwomba Bi Mkubwa asiziondoe kwa siku tatu. Aliniuliza ninasubiri nini. Nilimwambia sijui, ningejua nisingezibandika.

Jumamosi nilirudi. Karatasi za juu zilikuwa nyeupe kama nilivyoziacha. Za katikati zilikuwa na matone yaliyokauka, ya manjano, yenye ukingo mweusi kidogo kama chai iliyomwagika kwenye karatasi. Niliinusa moja.

Ilikuwa waridi.

"Mama," nilisema, "Alhamisi kulikuwa na nini humu?"

"Si maulidi yetu? Kila Alhamisi baada ya alasiri, wanawake wa mtaa. Nyie wanaume hamuingii, mtajuaje."

"Na marashi?"

"Hukosi kurasha marashi kwenye maulidi. Twawarashia watu, kisha yale yanayobaki kwenye mrashi..." Akacheka kidogo, kama mtu anayesema jambo la kitoto. "Yale yanayobaki twawarashia maua. Waridi na asumini. Tangu bibi yangu. Husema, 'na maua nayo yanywe.'"

Hakuwa amenidanganya aliposema ukuta hauguswi. Katika lugha ya nyumba ile kurashia hakukuwa kugusa. Kulikuwa adabu, kama kumkaribisha mgeni.

Lakini kitu kimoja hakikukaa sawa. Kama desturi ni ya tangu bibi, kwa nini madoa yaanze miaka michache iliyopita? Nilimwomba anionyeshe marashi. Alileta chupa kutoka kabatini. Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hayakuwa maangavu; yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, na chini yametuama unga.

"Bibi aliyatengenezaje?"

"Bibi alikuwa na sufuria lake la shaba na mrija. Alichemsha waridi, akakinga mvuke. Sufuria lilitoboka, nikaliuza chuma chakavu. Sasa naloweka tu. Waridi, asumini kidogo, na nasagia kijiti cha liwa ili harufu ikae. Siku tatu, nachuja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Marashi ya mvuke ni maji yenye harufu. Hayabebi kitu kingine cha maana. Marashi ya kuloweka hubeba utamu wa maua na chembe za mimea na unga wa liwa. Bibi alikuwa akiunywesha ukuta maji. Mjukuu alikuwa akiulisha. Na kila Alhamisi, kabla tone la wiki iliyopita halijakauka vizuri, liliongezwa jingine. Ndiyo maana karatasi ya fedha ya katikati ilikuwa na unyevu.

Sikujua namna ya kumwambia, nikaona bora nimwonyeshe. Kile kipande kilichoanguka nilikigawa vitatu, nikavitia kwenye chupa tatu za jemu. Cha kwanza nilikiacha kikavu. Cha pili nilikilowesha kwa maji ya betri, ambayo hayana kitu ndani yake. Cha tatu nilikitia marashi yake. Nilifunga vifuniko, nikaziweka dirishani kwake ili azione mwenyewe kila siku.

Jumatano iliyofuata alinipigia. Hakusalimia.

"Njoo."

Chupa ya kwanza ilikuwa kama tulivyoiacha. Ya pili ilikuwa na vidoa vichache. Ya tatu ilikuwa imeota manyoya meusi. Rangi ya babu haikuonekana tena. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya chupa hizo, mikono mapajani.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni marashi, Mama."

"Marashi hayana mkono." Aliisukuma chupa ya tatu kando. "Nimekuwa nikiilisha koga ndani ya chumba anacholala mjukuu wangu. Kwa mkono wangu, kwa kumswalia Mtume." Kisha akainuka, akajifunga khanga kiunoni. "Haya. Haujafa?"

"Haujafa. Chini ya madoa chokaa nyingi ni ngumu. Waridi moja limekwisha, na jingine nusu."

"Nimekuelewa. Sasa nisikie maneno ya kufanya, si ya kuniliwaza."

Alhamisi hiyo wanawake walipokuja, aliwapokea mlangoni. Mimi nilikuwa barazani nikisubiri kuchukua karatasi zangu zilizobaki ukutani, na niliwasikia.

"Leo mrashi unaishia kwenye vichwa vya watu. Ukutani hapana."

"Ah, Bi Mkubwa! Na maua yasinywe?"

"Yamekunywa mpaka yamevimbiwa. Njoo uone matapishi yake."

"Mwenzangu umeanza dini mpya?"

"Dini ile ile. Aliyekuwa na kiu ni wewe, kaa nikurashie."

Kicheko kilijaa chumba. Nilisikia na mmoja akinung'unika kwamba desturi ya wazee haiachwi kwa sababu ya fundi wa kamera. Bi Mkubwa alimjibu kwamba desturi ya wazee ilikuwa mvuke, na aliyeiacha si mwingine ila yeye Bi Mkubwa. Kama mwenzake anaitaka desturi, alete sufuria la shaba.

Jumatatu mwanawe alifika kwa basi la usiku, na mwashi akafika saa moja na nusu na mkokoteni wa saruji na mchanga. Mifuko minane iliteremshwa ukumbini. Bi Mkubwa aliwaita wote wawili chumbani, akawaonyesha chupa tatu. Aliwaeleza yeye, si mimi. Alisema kila kitu, hata lile la mkono wake. Mimi niliongeza mambo mawili tu: kwamba kubandua lipu kavu kungerusha mbegu za kuvu nyumba nzima, na kwamba hata nikisafisha, siwezi kuahidi kutobaki hata moja, kwa kuwa mbegu zake ziko katika hewa tunayovuta.

Mwanawe aliishika chupa ya tatu, akaigeuza geuza. "Na mtoto je?"

"Mtoto hatalala humu mpaka mvua za masika zipite," mama yake alisema. "Fundi atapima tena. Koga ikirudi, piga saruji yako, na mie nitashika karai."

"Mama, lakini nimekwisha mlipa huyu."

Mwashi alikuna kichwa. "Kishika uchumba hakirudi, kaka. Vibarua wangu nao wamelala wakijua leo kazi ipo."

"Hakirudi," Bi Mkubwa alisema, "na mimi sijaomba kirudi. Toeni saruji ukumbini."

Nilisafisha kwa wiki mbili, madirisha wazi, barakoa usoni. Nilianza kona isiyoonekana. Huko nilipoteza petali moja ya waridi, kwa sababu spiriti yangu ilikuwa kali na gundi ya babu ikalainika. Nilipunguza ukali, nikabadilisha brashi, na badala ya kufuta nikawa nabonyeza pamba na kuinua. Madoa mengi yalitoka. Mengine yaliacha kivuli cha kijivu. Nililiacha waridi lililokufa kama lilivyo, chokaa tupu. Bi Mkubwa alitaka nilichore upya, nikakataa, kwa kuwa lingekuwa waridi langu. Tulifungua pia madirisha mawili yaliyokuwa yamepigiliwa mbao kwa hofu ya wezi, tukaweka nondo na wavu.

Masika ilinyesha vibaya mwaka huo. Ilipokwisha, nilibonyeza selotepu mahali pale pale pa mwanzo. Chini ya hadubini niliona mbegu chache zilizolala, bila nyuzi. Mama wa maabara aliotesha sampuli nane. Mbili ziliota, kidogo. Nilimwambia Bi Mkubwa hivyo hivyo, mbili kati ya nane, na kwamba mwakani nitapima tena.

Mwanawe alikuja na mtoto likizo iliyofuata. Usiku wa kwanza mtoto alilala chumba kingine, wa pili alilala pale, baba yake kwenye mkeka pembeni, macho. Asubuhi nilimkuta amekaa akitazama ukuta, kikombe cha chai mkononi.

"Hakukohoa," aliniambia. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, zile pesa za saruji unazotaka kunirudishia ziache. Tusidaiane."

"Hatudaiani. Nanunua ukuta wangu." Alifungua pindo la khanga, akamwekea noti mkononi moja moja. Malipo ya awali ya mwashi yalikuwa laki moja na nusu. Mchanga na mkokoteni, elfu arobaini na tano. Saruji jirani aliichukua yote, kwa kupunguziwa elfu mbili kila mfuko. Hasara yote aliyomlipa ilikuwa shilingi laki mbili na elfu kumi na moja.